Je, Wajua? Mtihani Chini ya Jicho la Kamera

Mtihani umehama ukumbini. Siku hizi mtu anafanya mtihani wa chuo au wa bodi ya kitaaluma akiwa chumbani kwake, na msimamizi wake ni kamera, programu ya kompyuta, au mtu aliyeko nchi nyingine kabisa. Safu ya leo inakuletea mambo ambayo mwanafunzi, mzazi na mwalimu wanapaswa kuyafahamu kuhusu udanganyifu katika mitihani ya mtandaoni na vyombo vinavyowekwa kuuzuia. Mengine yatakushangaza na mengine yatakukera, lakini yote yanagusa thamani ya cheti unachokitolea jasho.

KABLA YA INTANETI

Je, wajua kwamba vita hii ni ya kale kuliko umeme? Katika China ya kifalme, watahiniwa wa kazi za serikali walifungiwa kila mmoja katika kijumba chake. Enzi ya Song, majina yalifunikwa kwenye karatasi za majibu, kisha makarani wakainakili upya kila karatasi ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtu. Hata hivyo watu waliibia. Zimebaki nguo za ndani zilizojazwa maandishi madogo mno ya vitabu vya mtihani. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1905.

Je, wajua kwamba mwaka 1893 Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kiliwaondoa wasimamizi katika vyumba vya mitihani? Wanafunzi waliapa kutoibia na kuripoti wanaoibia. Stanford nayo iliandika kanuni yake ya uaminifu mwaka 1921, lakini mwaka 2023 ilikubali kuanza kujaribu tena usimamizi wa mitihani.

Je, wajua kwamba mwaka 1964, zama ambazo hakuna mwanafunzi aliyekuwa na simu mfukoni, mtafiti William Bowers alichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo 99 vya Marekani? Watatu katika kila wanne walikiri kufanya udanganyifu wa namna fulani wa kitaaluma. Kwa hiyo anayesema intaneti ndiyo iliyozaa wizi wa mitihani anausingizia mtandao. Mtandao umeurahisisha.

Je, wajua kwamba kashfa kubwa ya Harvard ya mwaka 2012 ilitokana na mtihani wa kufanyia nyumbani? Vitabu viliruhusiwa, daftari ziliruhusiwa, hata intaneti iliruhusiwa. Kilichokatazwa ni kushauriana. Wanafunzi wapatao 125 walichunguzwa, na takriban 70 wakatakiwa kuondoka chuoni kwa muda.

JICHO LILILOWEKWA CHUMBANI

Je, wajua kwamba usimamizi wa mbali ulianza muda mrefu kabla ya korona? Mnamo miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Troy katika jimbo la Alabama kilikuwa tayari kinatumia kifaa kidogo cha mezani kilichosoma alama za vidole. Juu yake kilikuwa na tufe la kioo lililoiwezesha kamera kuona pande zote za chumba kwa wakati mmoja.

Je, wajua mtahiniwa hupitia nini kabla hajaliona swali la kwanza? Kwanza huonyesha kitambulisho mbele ya kamera. Kisha huinua kompyuta na kuizungusha polepole: ukuta, kitanda, dari, juu ya meza, chini ya meza. Mara nyingine huambiwa aonyeshe masikio, ili ionekane kwamba hakuvaa spika za masikioni, au akunje mikono ya shati. Baada ya hapo programu huifunga kompyuta yake: asifungue dirisha jingine, asinakili, asichapishe. Mtihani ukianza, programu hufuatilia macho yanaelekea wapi, sauti gani inasikika, na kama uso wa pili umeingia kwenye picha. Mtoto akifungua mlango, linaandikwa. Muadhini akiadhini msikiti wa jirani, sauti inaandikwa. Umeme ukikatika katikati ya swali, nalo linaandikwa.

Je, wajua kwamba programu yenyewe haijui wizi ni nini? Inachojua ni tofauti: mtu huyu ametazama pembeni mara nyingi kuliko wenzake, amebofya haraka kuliko wenzake, amekaa kimya au amenong'ona. Tofauti hiyo huwekewa alama ya kutiliwa shaka. Mwenye kengeza, mwenye mishtuko ya mwili asiyoweza kuizuia, mama anayenyonyesha, na mtu mwenye tabia ya kusoma swali kwa sauti ya chini, wote wanaweza kupata alama hiyo bila kosa lolote.

Je, wajua kwamba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, waliipima kazi ya programu maarufu iitwayo Proctorio kwa kuitegea wezi wa makusudi? Wanafunzi 30 wa kompyuta walijitolea kufanya mtihani wa majaribio. Sita waliambiwa waibie kwa mbinu yoyote waijuayo. Watano waliambiwa wajifanye wana wasiwasi, lakini wasiibe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalikuwa ya kusikitisha: programu haikumnasa hata mmoja kati ya wezi sita. Mtu wa kawaida aliyekagua video baadaye alimnasa mmoja. Watafiti walihitimisha kwamba faida ya programu hiyo, kama ipo, ni kumtisha mwanafunzi asijaribu. Na kitisho kina kikomo chake: siku wanafunzi watakapojua kwamba mtego haunasi, kimekwisha.

Je, wajua kwamba mwezi Oktoba 2020 mtihani wa uwakili wa California ulifanyika mtandaoni kwa watu karibu 9,000, na zaidi ya 3,000 kati yao wakawekewa alama ya shaka? Hiyo ni thuluthi nzima ya watu waliotaka kuwa mawakili. Video zilipokaguliwa na watu, wengi mno walionekana hawana hatia. Lakini tayari walikwisha kulala wiki kadhaa wakihesabiwa kuwa washukiwa.

Je, wajua kwamba hata wauzaji wa huduma hii walifika mahali wakasita? Mwezi Mei 2021, kampuni ya ProctorU ilitangaza kuacha kuuza usimamizi unaotegemea akili mnemba, ile ambayo Wakenya huiita akili unde, peke yake. Sababu ilikuwa hii: vyuo vilikagua asilimia 11 tu, hivi, ya video zilizotiliwa shaka na mashine. Zilizobaki hakuna aliyezitazama. Kuna waliopona ambao hawakustahili, na kuna walioadhibiwa bila jicho la mtu kuuona ushahidi.

USO MWEUSI, TAA USONI

Je, wajua kwamba mashine nyingi za kutambua nyuso zilifundishwa zaidi kwa picha za Wazungu kuliko za Waafrika? Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima mashine tatu zilizotumika kibiashara kubaini jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe, kosa lilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, mashine iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa asilimia 34.7.

Je, wajua kwamba jambo hilo lilifika kwenye chumba cha mtihani? Mwanafunzi mmoja mweusi wa Vrije Universiteit, Amsterdam, alilalamika kwamba programu ya usimamizi ilikuwa ikishindwa kuuona uso wake, hata akawa anafanya mitihani taa ikimmulika usoni. Alipeleka shauri lake katika Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi. Desemba 2022 taasisi hiyo ilisema kuna dalili za ubaguzi na kukitaka chuo kithibitishe vinginevyo. Oktoba 2023, baada ya kupokea takwimu za chuo, iliamua kwamba haikuthibitika kuwa programu ilimbagua, ila chuo kilikosea kwa namna kilivyolishughulikia lalamiko lake. Funzo kwa vyuo vyetu liko wazi. Mwanafunzi akisema, "Mashine hainioni," asiambiwe aongeze taa. Asikilizwe kwanza, halafu mashine ipimwe kwa nyuso za watu wake.

Je, wajua kwamba mahakama ya Marekani imekwisha kusema chumba chako ni chako? Mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Cleveland State aliagizwa aonyeshe chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani. Alishtaki. Agosti 2022 jaji wa shirikisho aliamua kwamba upekuzi ule wa kamera ulivunja Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayomlinda raia dhidi ya kupekuliwa bila sababu ya msingi.

Je, wajua kwamba taarifa unazotoa siku ya mtihani zinaweza kuvuja? Mwaka 2020 taarifa za watumiaji wapatao 444,000 wa kampuni moja ya usimamizi zilikutwa zikigawiwa kwenye jukwaa la wadukuzi. Neno la siri unaweza kulibadilisha. Uso wako utaubadilisha vipi?

MASHINE INAPOMSINGIZIA MTU

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kufungua kurasa bila wewe kuigusa? Mwaka 2021 chuo cha udaktari cha Dartmouth, Marekani, kiliwatuhumu wanafunzi 17 kwamba walifungua notisi za masomo katikati ya mtihani. Ushahidi ulikuwa kumbukumbu za mfumo wa masomo wa chuo. Wanafunzi walijitetea kwamba simu na kompyuta zao nyingine zilibaki zimeunganishwa na mfumo huo, zikijivutia kurasa zenyewe. Wataalamu walipoangalia, waliona kwamba kumbukumbu za aina hiyo zinaweza kweli kuzalishwa na mashine pasipo mkono wa mtu. Juni 2021 chuo kilifuta tuhuma zote na mkuu wake akaomba radhi. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wamefukuzwa.

Je, wajua kwamba Uingereza iliwapoteza wageni wengi kwa ushahidi wa mashine? Mwaka 2014 televisheni ilifichua wizi katika mtihani wa Kiingereza wa TOEIC uliotakiwa kwa viza. Wenye mtihani walizipitisha sauti za watahiniwa kwenye programu ya kutambua sauti, wakatangaza kwamba kati ya mitihani zaidi ya 58,000, zaidi ya 33,000 ni batili na mingine zaidi ya 22,000 ina shaka. Maelfu walifutiwa viza na kukatishwa masomo. Mwaka 2019 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilisema wizara husika haikufanya bidii ya kutosha kubaini kama wasio na hatia wamo kwenye kundi hilo.

AKILI MNEMBA NDANI YA MTIHANI

Je, wajua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walikitungia chuo chao wanafunzi hewa 33? Majibu yao yote ya mtihani wa saikolojia wa mtandaoni yaliandikwa na akili mnemba. Wasahihishaji hawakuambiwa. Asilimia 94 ya kazi hizo hazikushtukiwa, na kwa wastani zilipata alama za juu kuliko za wanafunzi halisi. Matokeo yalichapishwa Juni 2024.

Je, wajua kwamba kampuni iliyoitengeneza ChatGPT ilijaribu kutengeneza chombo cha kutambua maandishi ya mashine, kisha ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha?

Je, wajua kwamba vyombo vya aina hiyo vinaweza kumwonea mtu ambaye Kiingereza si lugha yake? Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walivipa vyombo saba insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu wenyewe. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote salama. Fikiria kijana wa Tabora au Kisii aliyejifunza Kiingereza darasani, akaandika sentensi fupi zenye maneno yaleyale aliyofundishwa. Usafi wake wa kisarufi unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Je, wajua kwamba mwezi Juni 2025, wakati wa mtihani wa kuingia vyuo vikuu nchini China, kampuni kubwa za huko zilizima kwa muda uwezo wa programu zao wa kujibu maswali yaliyopigwa picha? Watahiniwa mwaka huo walizidi milioni 13.

Je, wajua kwamba ACCA, bodi ya wahasibu yenye wanafunzi wengi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, iliruhusu mitihani ya nyumbani wakati wa korona, na Desemba 2025 ikatangaza kuiondoa? Kuanzia Machi 2026 mtahiniwa anatakiwa kufika kituoni, isipokuwa kwa sababu maalumu. Bodi ilisema mbinu za wizi zimeyapita makali ya ulinzi wake.

PESA, KALAMU NA VIDOLE

Je, wajua kwamba hata wanaofundishwa maadili ya kazi huibia mtihani wa maadili? Juni 2022 kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya EY ilitozwa faini ya dola milioni 100 nchini Marekani, baada ya wafanyakazi wake kuibia mitihani, ukiwemo wa maadili ya uhasibu. Mwaka 2024 KPMG ya Uholanzi ilitozwa dola milioni 25 kwa wafanyakazi kupeana majibu ya mitihani ya mafunzo ya ndani.

Je, wajua kwamba sehemu ya insha zinazowapatia watu shahada Ulaya na Marekani zimeandikwa Kenya? Vijana waliohitimu na kukosa ajira hukesha mbele ya kompyuta Nairobi wakiandika kazi za watu wasiowajua, muhula baada ya muhula. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, amelichunguza jambo hili, na filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, imelionyesha. Mwaka 2022 England iliharamisha kwa sheria kuuza na kutangaza huduma hiyo, na Australia ilikuwa imetangulia mwaka 2020. Ni uchungu wa aina yake: akili ya kijana wa Kenya inatosha kumpatia mgeni shahada ya heshima, ila yeye mwenyewe haimpatii kazi. Anayelaani wizi huo ailaani na hali iliyomfikisha kijana huyo kwenye kibodi.

Je, wajua kwamba alama ya kidole nayo hughushiwa? Nigeria huwatambua kwa vidole watahiniwa wa JAMB, mtihani wa kompyuta wa kuingia vyuo vikuu. Mwaka 2025 kamati maalumu iliripoti visa 4,251 vya vidole vya watu wawili kuchanganywa wakati wa kujisajili, na visa 190 vya picha zilizounganishwa kwa akili mnemba ili uso mmoja ufanane na watu wawili.

HUKU KWETU

Je, wajua kwamba mtihani unaweza kuwazimia mtandao hata wasiofanya mtihani? Nchini Kenya, Telegram ilikwama kwa watumiaji wengi wakati wa mtihani wa KCSE mwaka 2023 na tena 2024, kwa sababu ya makundi yaliyokuwa yakiuza karatasi, za kweli na za uongo. Algeria imekuwa ikikata intaneti wakati wa mtihani wa kumaliza sekondari tangu uvujaji mkubwa wa 2016. Muuza duka anayepokea malipo kwa simu hulipia kosa lisilo lake.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejenga jina lake kwa kufundisha kwa masafa huku wanafunzi wakifika vituo vya mikoa kufanya mitihani? Masomo yanamfuata mtu alipo, na mtihani una msimamizi wa kumwona kwa macho. Kwa nchi ambako bando huisha na umeme hukatika, huo ni mpango wenye hekima, na usiitwe wa kizamani.

Je, wajua kwamba unayo haki ya kisheria mbele ya mashine? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamgusa pia mtu anayeamuliwa jambo zito na mashine peke yake, bila binadamu kushiriki. Chuo kinachorekodi uso na chumba chako kinapaswa kukueleza kwa nini, na kuzitunza taarifa hizo kwa usalama.

KINACHOFAA

Je, wajua watu huibia mtandaoni kwa sababu gani hasa? Watafiti Philip Newton na Keioni Essex walikusanya tafiti 19 za watu 4,672. Waliokiri kuibia katika mitihani ya mtandaoni walikuwa asilimia 29.9 kabla ya korona na 54.7 wakati wa korona. Sababu iliyotajwa zaidi ni kwamba nafasi ilikuwepo. Mtihani unaouliza kile kinachopatikana kwa kubofya mara moja unaitoa nafasi hiyo mwenyewe.

Je, wajua kwamba kumsainisha mwanafunzi ahadi ya uaminifu juu ya ukurasa hakujathibitika kuwa dawa? Utafiti maarufu wa mwaka 2012 uliosema kwamba ni dawa ulifutwa mwaka 2021, baada ya kugundulika kwamba sehemu ya data zake ilikuwa ya kughushi. Utafiti kuhusu uaminifu, wenyewe haukuwa mwaminifu.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Sydney kimezigawa tathmini zake katika njia mbili? Njia ya kwanza ni mitihani inayosimamiwa ana kwa ana, ukiwemo wa mdomo. Ya pili ni kazi za wazi ambamo mwanafunzi anaruhusiwa kutumia akili mnemba. Hapa ndipo mwalimu wetu naye anapoweza kuanzia: achague kipi kinahitaji ulinzi, na hicho akilinde kweli. Dakika kumi za kumwambia mwanafunzi, "Nieleze ulifikaje kwenye jibu hili," humwonyesha mwalimu kitu ambacho kamera haikioni kabisa.

Je, wajua la kufanya ukituhumiwa na hukuiba? Omba kuonyeshwa video au kumbukumbu zenyewe, usikubali kusomewa alama ya asilimia tu. Uliza kama kuna mtu aliyezikagua, na ni nani. Tunza rasimu zako, na kama ulipata tatizo la umeme, mtandao au taa, liandikie chuo siku hiyohiyo. Kisha kata rufaa kwa maandishi.

Na kama uliiba, fahamu kwamba hasara haiishii kwako. Muuguzi aliyenunua majibu atampimia mgonjwa dozi asiyoijua, na mhandisi aliyeandikiwa kazi atapigia hesabu daraja tutakalopita sote. Kwa hiyo wanafunzi wajifunze kweli, walimu watunge mitihani inayopima kujua, na vyuo visimhukumu yeyote mpaka mtu, si mashine, awe ameuona ushahidi na kumsikiliza.